Mwongozo wa Kukaa Juu ya Farasi kwa Watu wa Dzaleka

Mwongozo wa kupanda farasi kwa kawaida huanza na farasi. Huu hauwezi. Dzaleka kuna mbuzi, kuku, bata, baisikeli za kila umri, na watu zaidi ya 50,000 katika kambi ya wakimbizi nchini Malawi iliyofunguliwa mwaka 1994 ikapangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, palepale wilayani Dowa ambapo serikali ya Kamuzu Banda iliwahi kuwafungia wapinzani wake. Farasi hakuna. Wale ninaowafahamu wako Kande, kwenye ufuo wa ziwa wilayani Nkhata Bay, ambako mpandaji hupitishwa vijijini, kisha tandiko huvuliwa na mnyama akaingia majini kuogelea na mtu mgongoni. Kwa mkimbizi anayehitaji kibali ili atoke kambini, Kande iko mbali kuliko ramani inavyosema.

Hata hivyo nimeuandika mwongozo huu, na nataka ufuatwe. Sehemu kubwa ya upandaji farasi iko katika nyonga za mtu, na nyonga hujengwa kabla mnyama hajaletwa. Walimu wa farasi wanalijua hilo: mwanafunzi anayeyumba juu ya tandiko humshusha, humweka chini sakafuni, humpa mazoezi ya kiuno na makalio, ndipo humrudisha juu. Sisi sakafu tunayo. Tuanzie hapo.

Kwanza nieleze kwa nini farasi hawapo, maana nimesikia vijana wakisema eti Mwafrika wa bara aliogopa farasi. Upuuzi. Farasi walizuiwa na wadudu. Mbung'o huwatia nagana, na visubi, vijidudu vidogo kuliko mbu, huwatia ugonjwa uitwao homa ya farasi ya Afrika, ambao huua idadi kubwa ya farasi wasio na kinga. Ndiyo sababu misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, Manyema na Ziwa Nyasa ilitegemea mabega na vichwa vya wapagazi. Babu zetu walikuwa na nyonga za kutosha kutembea miezi mizima na mzigo kichwani. Nyonga hizo ndizo mali ninayotaka tuirudishe.

Badala ya farasi tuna kabaza. Kwa msomaji wa Dar au Mombasa, kabaza ni baisikeli ya abiria, ndugu wa boda boda za mwanzo za Busia na baisikeli za abanyonzi wa Bujumbura. Nyuma ya tandiko la dereva kuna keria iliyowekewa kiti cha sponji kilichovalishwa plastiki au ngozi ya bandia, chini yake vyuma viwili vya kukanyagia, na mara nyingi kipande cha usukani kilichofungwa chini ya tandiko la dereva ili abiria apate pa kushika. Ziko barabarani Dowa, ziko Lilongwe mjini, ziko kila penye njia ya vumbi inayoachana na lami.

Sasa angalia kwa makini nani anafanya nini. Juu ya farasi, kusonga mbele ni kazi ya mnyama. Mpandaji hupokea mwendo ambao hakuutengeneza yeye, akaufuata bila kuudhuru. Kwenye kabaza anayepokea mwendo ambao hakuutengeneza ni abiria. Kwa hiyo abiria ndiye mwanafunzi wetu wa kwanza, na dereva, namwambia kwa heshima zote, yuko upande wa farasi. Sehemu yake itakuja.

Tofauti zipo na sitazificha. Farasi anapotembea, mgongo wake humsogeza mpandaji mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kwa mpangilio unaokaribia sana ule wa nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Kwa ajili hiyo watabibu katika nchi mbalimbali huwaweka juu ya farasi watoto wenye mtindio wa ubongo: mwili wao hupata somo la kutembea wakiwa wamekaa. Baisikeli haitoi hilo. Inatoa mtikisiko wa makorongo, na inatoa kuyumba kushoto na kulia dereva anapokanyaga mlimani. Kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza hayo yanatosha kabisa, na barabara za Dowa hazitamnyima hata moja.

Adui wa mwongozo huu ni sponji. Nitamtaja hadharani, kwa kuwa ameshinda katika kila kituo cha kabaza. Abiria akilalamika kwamba kiuno kinauma, dereva huongeza sponji. Akilalamika tena, huongezwa ya pili, iliyokatwa kwenye godoro kuukuu. Mwisho abiria ameinuliwa juu kabisa, miguu haifiki kwenye vyuma, mgongo umekunjika, na kila shimo linamtupa kama gunia la mahindi lililofungwa kwa kamba mbovu. Halafu anashuka, anashika kiuno, anailaumu barabara. Ndugu yangu, barabara haina hatia hiyo. Umeinunulia baisikeli misuli ukaacha kujinunulia wewe, na yako ilikuwa bure.

Ukitaka kujua mkao sahihi, utafute palipo na mifupa miwili ya kukalia. Kaa juu ya benchi la mbao, weka viganja chini ya makalio, utaigusa: mmoja kila upande, migumu, ya chini kabisa katika fupanyonga. Mpanda farasi hukaa juu ya hiyo miwili kwa usawa. Akiegemea nyuma, fupanyonga hubingirika na kiuno hukunjika. Akijisukuma mbele mno, mgongo hupinda kwa ndani na mapaja hukakamaa. Katikati ya hayo mawili kuna mahali ambapo uti wa mgongo husimama wenyewe bila kusukumwa. Pajue hapo ukiwa kwenye benchi, kwa sababu kwenye shimo la barabara hutapata nafasi ya kupatafuta.

Myunani Xenophon, aliyekuwa askari na mwandishi, aliliandika jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita katika kitabu chake kuhusu upandaji farasi. Shauri lake ni kwamba mpandaji asikae kana kwamba yuko kitini, bali awe kama mtu aliyesimama wima, miguu ameitanua. Wayunani wa zama zake hawakuwa na vikanyagio wala matandiko tunayoyaona leo, kwa hiyo mpandaji hakuwa na cha kumshika isipokuwa mapaja na nyonga zake. Lamu vijana hufanya vivyo hivyo kwenye mbio za punda, bila tandiko. Oman, waliko ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili, kuna maonyesho ya farasi na ngamia yaitwayo ardha, ambayo UNESCO iliyaandikisha mwaka 2018, na humo wapandaji husimama kwa miguu yao juu ya farasi walio mbioni. Mtu anayeweza kusimama pale juu hahitaji sponji.

Kabla ya mazoezi, jipime. Kipimo ni cha daktari mpasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, aliyekieleza mwaka 1895, na hakihitaji chombo chochote. Simama kwa mguu mmoja, mwingine ukunje goti kidogo uuinue. Mwenzako akae nyuma yako aangalie mstari wa mkanda wako. Upande wa mguu ulioinuliwa ukizama, msuli wa pembeni wa nyonga uliyoisimamia ni dhaifu. Msuli huo umejificha juu ya kalio, kwa pembeni, chini ya mfuko wa suruali, na kazi yake ni kuzuia fupanyonga lisianguke kila unapohamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Mtu ambaye msuli huo umelala hutembea akiyumba mabega. Akipanda farasi, hujikuta amekaa upande mmoja, na farasi, ambaye husikia hata nzi akitua mgongoni, huanza kwenda mshazari. Akipanda kabaza, dereva hulazimika kuulalia usukani upande wa pili njia nzima.

Foleni ya bomba ndiyo mahali pa kwanza pa mazoezi, kwa kuwa tayari umesimama na huna pa kwenda. Simama mguu mmoja kwa nusu dakika, mkanda uwe sawa, kisha badilisha. Watu watakuangalia. Waache waangalie, baadaye watafanya. Ukishajaza maji, usibebe dumu la lita 20 kwa mkono uleule kila siku. Dumu hilo ni kilo 20, na ukilibeba kwa mkono wa kulia, misuli ya pembeni ya nyonga ya kushoto ndiyo inayokuzuia usianguke upande wa mzigo kila mguu wa kushoto unapokanyaga chini. Mtu anayebeba daima kwa kulia hujenga kushoto peke yake, na anajitengenezea mkao wa upande mmoja. Badilisha mkono kila baada ya nyumba kadhaa. Akina mama wanaobeba ndoo kichwani wamelitatua tatizo hili zamani: mzigo uko katikati, shingo imetulia, kazi yote inafanywa chini, nyonga zikihama bila maji kumwagika. Mwalimu wa farasi akimwona mama mmoja wa Dzaleka akitoka bombani na ndoo imejaa hadi ukingoni, ataacha kila alichokuwa akifanya.

Zoezi la pili ni kuchuchumaa, na hapa nina ugomvi na kiti cha plastiki. Bibi zetu walichuchumaa kando ya mbaula kwa muda wote wa kupika, nyayo zote zikiwa chini, magoti yakielekea vidole vya miguu, mgongo ukiwa mrefu. Leo kijana wa miaka ishirini, mzima wa afya, akialikwa msibani anatafuta kiti kabla hajatoa pole. Mwambie achuchumae, visigino vinaruka juu na yeye anaanguka chali. Nyonga zake hazijawahi kufunguka tangu aanze shule. Anza kwa kushika mwimo wa mlango au mti. Shuka polepole mpaka pale visigino vinapotaka kuinuka, kaa hapo, vuta pumzi, panda kwa kukanyaga chini kwa unyayo wote. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Kila wiki utashuka kidogo zaidi. Ukifika chini kabisa bila kushika kitu, umepata kipande kikubwa cha kile alichokidai Xenophon.

Mengine mawili hufanywa mkekani. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, kisha inua nyonga mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka magotini hadi mabegani. Bana makalio ukiwa juu, shuka polepole. Hilo ni la makalio makubwa, yanayomsukuma mpandaji ainuke na kushuka kwa mdundo farasi anapokwenda mbio za polepole. Kisha lala ubavu, kichwa juu ya mkono, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana. Fungua goti la juu kuelekea dari bila kiuno kubingirika nyuma, lifunge polepole. Ukiona ni rahisi mno, basi kiuno kinabingirika. Weka mgongo ukutani ukikomeshe. Mara kumi na mbili kila upande, na upande ule uliozama kwenye kipimo cha Trendelenburg uuongeze mara sita.

Kuna mafundi wa cherehani sokoni kwetu, kuna mafundi simu, kuna ndugu wanaoshinda wamekaa wakisubiri jina liitwe kwa mahojiano. Hao wana tatizo la mbele, na la mbele ni muhimu kuliko la nyuma. Msuli mnene huanzia pembeni mwa pingili za kiuno, hupita ndani ya fupanyonga, hushuka hadi juu ya fupa la paja kwa ndani. Ndio unaoinua goti. Mtu akikaa siku nzima, unazoea kuwa mfupi, na akisimama unavuta pingili mbele: kiuno kinapinda kwa ndani, tumbo linatangulia, jioni mgongo unawaka. Mpanda farasi mwenye msuli huo mfupi hawezi kuuacha mguu wake uning'inie. Goti humpanda juu, naye anabaki amekaa kitini, jambo lilelile alilolikataza Xenophon. Dawa ni kupiga goti moja chini juu ya kitambaa, mguu wa pili mbele kwa pembe, kubana kalio la upande wa goti lililo chini, kisha kusogeza mwili mzima mbele kidogo mpaka kinena kivutike. Usipinde mgongo. Nusu dakika, mara mbili kila upande. Fundi cherehani afanye hivyo kila anapomaliza nguo moja, hata mteja akiwa amesimama mbele yake.

Ndani ya mapaja kuna misuli ya kubana, na kwa hiyo kila anayepanda kwa mara ya kwanza hufanya kosa moja: hubana magoti kwa nguvu zote. Magoti yakibanwa, mwili husukumwa juu kutoka kwenye tandiko, na farasi mwoga huelewa kwamba ameambiwa akimbie. Misuli hiyo inahitaji nguvu, lakini zaidi inahitaji kujua kuachia. Chukua mpira wa watoto, ule wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Kaa kwenye ukingo wa benchi, uweke katikati ya magoti, bana kwa kuhesabu hadi tano, kisha achia kwa kuhesabu hadi kumi bila mpira kuanguka. Hiyo kumi ndiyo ngumu. Irudie mpaka paja likusikilize.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo lingenifanya niandike mwongozo huu hata kama mengine yote yasingekuwepo. Vitabu vya farasi hutumia kurasa nyingi kumfundisha mpandaji aachanishe kiuno na mabega: kiuno kifuate mnyama, mabega yatulie, kichwa kisitikisike. Wanafunzi wa Ulaya hulipa pesa nzuri kufundishwa hilo na bado huwatoka jasho. Mtoto wa Kikongo wa Dzaleka anaweza kulifanya kabla hajajua kusoma. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitia katika orodha yake ya urithi mwaka 2021, yote ni habari ya kiuno kinachosema huku kifua kimenyamaza. Ndombolo iliyovuma miaka ya 1990 ikaongeza magoti laini na uzito ulioshushwa chini. Pwani wana chakacha. Mabinti waliofundwa wamefundishwa kukata kiuno kwa nidhamu ambayo mwalimu yeyote wa farasi angeitambua mara moja: polepole kwanza, kushoto kumi, kulia kumi, bega lisicheze. Angalia tamasha la Tumaini linalofanyika humuhumu kambini tangu 2014, wachezaji wakiwa jukwaani na umati ukicheza nao vumbini. Pale kuna nyonga za kutosha kuunda kikosi kizima cha wapanda farasi, na zimekosa wanyama tu.

Kwa hiyo naagiza hivi, na siombi radhi kwa mzee yeyote anayeona aibu: kata kiuno kila siku, kwa wimbo mmoja mzima. Simama miguu imetanuliwa upana wa mabega, magoti laini, weka kikombe cha plastiki chenye maji kichwani. Zungusha fupanyonga kwa duara, kisha mbele na nyuma, kisha upande na upande. Maji yakimwagika, bega limeingilia. Wanaume hasa, fanyeni. Mwanamume anayedhani kiuno ni mali ya wanawake ataumia mgongo kwenye kabaza, na farasi wa kwanza atakayempanda atamweka chini.

Ushahidi kwamba nyonga ndizo zinazopanda farasi nitauleta kutoka Denmark. Lis Hartel alikuwa mpandaji hodari alipopata polio mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na mimba tumboni. Alimzaa mtoto wake mzima, akajifunza upya kuinua mkono, kisha kutambaa, kisha kutembea kwa magongo. Chini ya magoti miguu haikumrudia. Madaktari walimtegemea atulie. Yeye alirudi kwa farasi, akasaidiwa kupanda na kushuka, na mwaka 1952 huko Helsinki, katika Olimpiki ya kwanza ambayo wanawake waliruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa ishara ndogo, alipata medali ya fedha. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimsaidia kufika jukwaani. Mwaka 1956 alipata fedha tena. Hakuwa na visigino vya kumgusa farasi wala vifundo vya kukanyagia. Alikuwa na mapaja, makalio, kiuno na subira, na farasi wake Jubilee alielewa kila alichoambiwa kwa njia hiyo. Nimewasimulia habari hii watu wanaotembelea magongo kambini, na ninaisimulia kila ninapopata nafasi, kwa sababu watu wetu wengi waliopoteza nguvu ya mguu hawajawahi kuulizwa nyonga zao zinaweza nini.

Kina mama na dada zangu mnaokaa upande kwenye kabaza kwa sababu ya chitenje, ninyi mna kazi ngumu kuliko mwanamume aliyetanua miguu. Miguu inaning'inia kushoto, uso unataka kutazama mbele, kwa hiyo mwili unajisokota, na uzito unahamia kalio moja bila ninyi kujua. Mwingine angewashauri mbadilishe upande mkirudi. Msifanye hivyo. Malawi magari hupita kushoto. Miguu inayoning'inia kulia inaning'inia ndani ya njia ya magari. Kaeni upande uleule, lakini jisokoteni kuanzia mbavu na kuacha fupanyonga likae sawa juu ya mifupa yote miwili, na mkifika nyumbani laleni ubavu, fanyeni lile zoezi la kufungua goti, mkiupa upande usiotumika nyongeza. Na mwambieni dereva mapema, kabla ya mteremko: "Achimwene, pang'ono pang'ono," yaani kaka, polepole. Sauti hiyo ni sehemu ya mkao mzuri.

Dereva, zamu yako. Tandiko lako liko chini mno. Najua, umelishusha ili ukanyage ardhi haraka abiria anaposhuka, lakini magoti yako yanalipa. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo pake. Likipandishwa kupita hapo, makalio yataanza kuhama kushoto na kulia, na abiria wako atahama nayo. Pia, baisikeli haiufungui kamwe ule msuli wa mbele wa nyonga. Unasukuma siku nzima ukiwa umejikunja. Kwa hiyo zoezi la goti moja chini ni lako kuliko la mtu mwingine yeyote. Lifanye kituoni, wakati wa kusubiri zamu, na lifanye kabla ya kujaza tena upepo. Ukiweza kuwa na makalio yanayosukuma, magoti yako yatafika uzee.

Mazoezi haya yote ni mara tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati, isipokuwa kukata kiuno na kusimama mguu mmoja ambavyo ni vya kila siku. Wiki za mwanzo utaona uthabiti kabla hujaona nyama, kwa sababu ubongo ndio unaojifunza kwanza kuiita misuli. Unene wenyewe huchukua miezi. Mwenye maumivu ya kinena yasiyoisha, anayechechemea, au anayehisi ganzi ikishuka mguuni, aende kituo cha afya kwanza. Na mwenye selimundu asikie vizuri: ugonjwa huo unaweza kuua kichwa cha fupa la paja kwa kukosa damu, na maumivu ya nyonga kwake si ya kufanyia mazoezi mpaka yachunguzwe. Mjamzito apunguze, asilale chali muda mrefu mimba ikikua, aache kabaza za makorongo.

Siku farasi atakapokuja, maana baadhi yetu wamekwenda Canada, Marekani na Australia, ambako farasi wapo hadi mashambani, usikubali kuinuliwa juu na watu watatu. Simama kushoto kwake, karibu na bega. Mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, mkono wa kushoto umeshika hatamu na nywele za shingo, jirushe kwa mguu wa kulia, na utue taratibu, usijibwage. Mgongo wake ni mgongo pia. Achia miguu ining'inie. Itafute mifupa miwili. Vuta pumzi mpaka chini ya kitovu, uitoe, kisha mwache atembee, na kiuno chako kimfuate kama kilivyojifunza kwa kikombe cha maji. Usimtazame shingo, tazama unakokwenda.

Kushuka, toa miguu yote miwili kwenye vikanyagio kwanza. Wapo wanaotoa mmoja tu, na farasi akisogea huburutwa. Inama mbele, pitisha mguu wa kulia juu ya mgongo wa nyuma bila kumgusa, teleza ukiwa umemkabili, utue kwa magoti laini na makalio yakipokea uzito. Kwenye kabaza ni vivyo hivyo, ila subiri baisikeli isimame kabisa, na umlipe dereva nauli mliyopatana kabla hujaanza kumweleza habari za misuli yake.